Mtafiti wa Ufa Ambao Haupo

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa, ila nina akili. Ukitaka kuijua, tafuta mahali ambapo wimbo wa taifa huimbwa watu wakiwa wameegemea ukuta, basi ujue umefika.

Mimi huko ni Afisa wa Mashaka, Daraja la Pili. Jina langu Sefu Tenge. Kazi yangu ni kushuku. Asubuhi namshuku jirani kwa kunisalimu mapema mno, mchana namshuku karani kwa kutonisalimu kabisa, na jioni namshuku mke wangu kwa kunipakulia mnofu mkubwa. Msicheke. Nchi haijengwi na watu wanaoaminiana ovyo ovyo. Na kwa kuwa sumu ni rahisi kutiwa, Idara yetu ya Mashaka ndiyo inayopika na kumimina chai katika sherehe zote za serikali. Birika la taifa nalishika mimi, kwa mikono hii hii.

Kaulimbiu yetu ni neno moja tu: HATUTIKISIKI. Limechorwa kwenye mabasi, limefumwa kwenye sare za shule, na limeandikwa kwa herufi za shaba kwenye lango la hospitali ya mifupa.

Sisi pia ni watu wa kiasi. Chai yetu ni nusu kikombe, hata harusini, hata kwa mkwe. Vyungu twaviweka sakafuni. Juu ya kitanda hatutundiki kitu, isipokuwa picha ya Mkuu wa Nchi, nayo ni ya karatasi isiyo na kioo. Mtoto akianza kutambaa, njia ya kwanza anayofundishwa ni ya uvunguni. Wageni wakituuliza sababu, tunawajibu kwamba ni mila. Mgeni akiuliza mara ya pili, huwa hana nia njema.

Ni kweli, siku moja moja madirisha hulia yenyewe na mbwa hubweka pasipo mwizi. Hapo mtu mwenye adabu hunyamaza, hushika kilicho karibu naye, kisha huendelea na maneno yake pale pale alipoyaachia. Kusema ardhi imetetemeka ni kosa la jinai. Shemeji yangu aliwahi kulisema, tena akiwa bafuni peke yake, na alifungwa.

*

Sasa mtauliza, nchi ya namna hiyo ilimwajiri vipi mtafiti wa nyufa za ardhi? Wivu tu. Mkuu wa Nchi alikwenda kutembelea nchi jirani, akapelekwa chuo kikuu chao, akaonyeshwa mtu mwenye nyundo na kofia ya jua, akaambiwa huyu anachunguza mahali ardhi ilipopasuka ili watu wasijenge juu yake. Mkuu alirudi nyumbani hataki hata chakula. "Wao wana mtu wa nyufa," alisema. "Sisi tumekosa nini?"

Wiki ile ile Chuo Kikuu cha Taifa kilitangaza nafasi. Anatakiwa Mtafiti Mwandamizi wa Nyufa za Ardhi. Awe na shahada ya uzamivu, awe mstahimilivu wa jua na matope, na awe hajawahi kuona ufa wowote. Profesa Kikwembe, Makamu Mkuu wa Chuo, alilifafanua sharti hilo kwa sauti yake ya mahafali: "Tunataka mtu atakayetafuta kwa bidii zote, na asipate."

Mwombaji wa kwanza alisema ameona nyufa nyingi ughaibuni. Alitolewa na askari. Wa pili alisema nchi hii haina ufa hata mmoja, naye akatiliwa shaka, maana alijuaje tunachotaka kusikia? Ndipo akaingia Dakta Zawena Mkoma, mama mfupi mwenye mikono mikavu na viatu vyenye matope ya juzi.

"Nchi yetu ina nyufa ngapi?" aliulizwa.

"Sijui bado," akajibu. "Sijatembea."

Profesa Kikwembe alifurahi sana. Asiyejua ndiye hasa tuliyekuwa tunamtafuta! Lakini mimi, niliyekuwa nyuma ya mlango na birika langu, neno lile "bado" lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nikapeleka mashaka yangu kunakohusika, na kesho yake nikateuliwa kuwa Msaidizi wa Utafiti.

"Karibu, Bwana Afisa," Dakta akanipokea.

"Nani kakwambia mimi ni afisa?"

"Wasaidizi huja na viatu vya kutembelea," akasema, akiangalia viatu vyangu vilivyochongoka. "Twende, Bwana Afisa, jua halitungoji."

*

Tulikwenda Bonde la Kisisi, chini ya milima. Huko nikaona mambo. Mama yule alikuwa akigonga jiwe kwa nyundo, kisha anatega sikio kana kwamba jiwe litamtajia wenzake. Alilipasua, akalilamba. Nasema alililamba! Udongo nao aliutia mdomoni, akausaga kwa meno ya mbele taratibu, akatema, akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari.

Nilipeleka taarifa mbio: *Mtafiti anaionja nchi.* Jibu la Idara likaja mbio vile vile: *Ina ladha gani?*

Basi ikabidi na mimi nionje. "Ukikwaruza jino, una mchanga," Dakta alinielekeza. "Ukiteleza kama siagi, huo ni mfinyanzi. Maji yalituama hapa zamani." Uliteleza. Nikamwambia ladha yake ni ile ile ya udongo aliokuwa akila mke wangu alipokuwa na mimba ya Sikudhani, mwanetu wa pekee, na kwamba siku hizo nilimshuku mke wangu kuwa ananilia njama na mfinyanzi. Dakta akacheka mpaka akakaa chini. Sikujua kicheko kile nikiweke kundi gani.

Akanionyesha kijito. Kilitoka mlimani kikishuka vizuri, kikafika mahali, ghafla kikapinda, kikaenda pembeni mwendo wa uwanja wa mpira, ndipo kikarudia njia yake ya kuteremka.

"Unaonaje, Bwana Afisa? Kwa nini kimepinda?"

"Kinamkwepa mtu," nikasema. "Kijito kisicho na hatia hunyooka."

"Hakikupinda chenyewe. Ardhi ya upande huu ilisogea, ikakikata. Ikasogea tena, ikakikata tena. Chenyewe kinajitahidi tu kufuata."

Nilipendekeza kijito kiwekewe mlinzi. Kiliwekewa.

Kisha akaajiri vijana wa kijijini, wakachimba handaki refu kukata ule mstari uliopindisha kijito. Kuta za handaki zilisafishwa kwa mwiko wa fundi mpaka matabaka ya udongo yakaonekana, moja juu ya jingine kama chapati kwenye sahani. Katikati palikuwa na tabaka jeusi lenye vipande vya mkaa. Nililifuata kwa kidole. Lilikuja vizuri usawa wa goti langu, likafika mahali, likakatika. Lilikuwa limekatwa kama kwa kisu. Ng'ambo ya pale lilianza upya, usawa wa kifua changu.

"Nani kalipandisha?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko cheo changu.

"Tetemeko," Dakta akasema. Alilitaja neno hilo mchana kweupe, wala hakutazama nyuma. "Tena kubwa. Watu waliowasha moto huu walikuwa hapa. Na tabaka la juu yake nalo limekatwa, ila kidogo kuliko hili, maana yake lilikuja jingine baadaye. Ufa huu haujafa. Unapumzika."

"Na unaelekea wapi?"

Alitoa dira, akageuka polepole, akanyoosha mkono. Mwisho wa mkono wake, palepale ulipoishia ukingo wa bonde, palikuwa na jengo jipya la ghorofa lenye paa la buluu. Bweni la Wasichana la Hatutikisiki, fahari ya serikali, lililokuwa linangojea kufunguliwa tu. Sikudhani wangu alikwisha kupangiwa kitanda humo.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa. Na kwa kuwa kuogopa si kazi yangu, nikaigeuza ile hofu kuwa mashaka juu ya Dakta Zawena. Kwa nini mkono wake uangukie bweni la mwanangu? Nani aliyemtuma?

*

Aliitwa mbele ya Kamati. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Lubawa, Waziri wa Utulivu wa Juu na wa Chini, mtu mnene mwenye suti nyeupe, ambaye hata akikohoa huanza na itifaki.

"Huo unaouita ufa," Waziri alianza, "uliingia nchini lini, na kwa kibali cha nani?"

"Ulikuwepo kabla ya nchi, Mheshimiwa."

"Ahaa! Kumbe ni wa mkoloni!"

"Ulikuwepo hata kabla ya mkoloni."

"Basi ni wa kikabila," Waziri akasema kwa huzuni, na wajumbe wakaguna.

Profesa Kikwembe akasimama kuiokoa heshima ya Chuo. Alieleza kwamba kitaaluma ufa hauwi ufa mpaka upitishwe na Seneti, na Seneti haikai mpaka paa la ukumbi wake litengenezwe, kwani liliporomoka mwaka jana kwa sababu za kiutawala.

"Waheshimiwa," Dakta akasema, "siombi mniamini. Naomba wasichana wasilale pale. Jengo lifanyeni ghala la mahindi. Mahindi hayalii."

"Nchi haitikisiki!" akafoka Waziri.

"Basi naomba chai."

Chai ni heshima, hainyimwi mtu.

"Kila mjumbe awekewe kikombe mbele yake," Dakta akaendelea, "na kijazwe mpaka pomoni. Tukae nacho hivyo hivyo mpaka kikao kiishe. Kama nchi haitikisiki, hakuna atakayeungua."

Nilitoka na birika. Ningefanyaje? Mimi ni mtu wa chai. Nikamwinamia mjumbe wa kwanza, nusu ya kwanza ikaingia, nikaendelea. Yule mzee akaruka, akakifunika kikombe kwa kiganja chake huku chai inamchoma. Wa pili alikigeuza chake chini juu kabla sijamfikia. Wa tatu akasema amefunga, ingawa tonge la sambusa lilikuwa bado shavuni. Waziri mwenyewe alishika suti yake nyeupe kwa mikono miwili kama bibi harusi anayevuka dimbwi.

"Ubadhirifu!" akapiga kelele. "Chai ya umma!"

Hakuna aliyeuliza wanaogopa nini. Mimi nilisimama katikati ya ukumbi na birika langu la moto, nikawatazama wakuu wote wa nchi wameziba vikombe. Huko kwetu tunasema mwenye macho haambiwi tazama. Nilijilazimisha kutotazama.

Uamuzi ulitolewa hapo hapo. Mosi, ufa haupo. Pili, uzibwe. Handaki likajazwa zege, likapakwa rangi za bendera, likawekewa jiwe la msingi lenye maandishi HAPA UMEZIBWA UVUMI. Ile methali ya zamani ya kuziba ufa usije ukajenga ukuta ikaondolewa vitabuni, kwa kuwa sasa kazi hiyo ilikuwa imekamilika. Na Dakta Zawena akahamishiwa utafiti wa mawingu, maana mawingu yanaruhusiwa kusogea.

Nilimsindikiza hadi stendi. Alikuwa na begi moja na nyundo yake.

"Sikudhani analala wapi muhula huu?" akaniuliza.

"Umemjuaje mwanangu?" nikang'aka.

"Ulimtaja mwenyewe, siku ile ya kuonja udongo." Akapanda gari, akachungulia dirishani. "Bwana Afisa, wewe ni mtu wa mashaka. Hebu yatumie vizuri hata mara moja."

*

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kuamkia ufunguzi. Wasichana walikwisha kuhamia mchana ule ule, nami nikaenda kukagua meza za chai. Mlangoni nikapishana na dereva wa Waziri amebeba sanduku kichwani.

"La nani hilo?"

"La binti wa Mheshimiwa. Ana pumu. Rangi mpya inamsumbua."

Nikampa pole. Nyuma yake akatokea dereva wa Profesa Kikwembe na masanduku mawili. Mpwa wa Profesa, nikaambiwa, hapatani na buluu. Kisha dereva wa mkubwa wangu mwenyewe, Mkuu wa Idara ya Mashaka, ambaye wanawe mapacha walikuwa wameshikwa ghafla na hamu ya kulala nyumbani. Nje paliegeshwa magari ya serikali, yamejipanga, na kila sanduku lililotoka liliingia katika gari la serikali. Masanduku yaliyobaki ndani yalikuwa ya bati, yamefungwa kwa kamba.

Mashaka yangu, ambayo tangu ujana wangu yalikuwa yakiwatazama walio chini, siku hiyo yaliinua shingo yakatazama juu. Nilihisi kizunguzungu.

Nikapanda ghorofani mbio. Sikudhani alikuwa anatandika.

"Funga vitu vyako. Una homa."

"Baba, mimi sina homa."

"Utakuwa nayo! Nimesema funga!"

"Na Mwatumu?" Mwatumu ni mwenzake wa kitanda cha juu, mtoto wa mkulima wa nyanya. Alikuwa amekaa pale akining'iniza miguu, ananitazama.

"Mwatumu ana baba yake."

"Baba yake hajui," Sikudhani akasema.

"Hajui nini?"

"Hajui unachokijua wewe, baba." Akalikunjua shuka alilokuwa amelikunja, akalitandaza, akakaa juu yake. "Wenye magari wote wameondoka. Mimi nitalala hapa na Mwatumu."

Kichwa kigumu kile kakitoa kwangu, siwezi kumlaumu mama yake. Nilishuka ngazi nimeshika ukuta, ingawa hakuna kilichotikisika. Ningesema nini? Kulisema lile neno ni jela, na hata ningelisema, nani atamwamini Afisa wa Mashaka?

*

Siku ya ufunguzi turubai lilitandwa mbele ya bweni, jua kali, wazazi wamejaa. Walikuwa wazazi wa masanduku ya bati: wauza mkaa, mafundi cherehani, wakulima wa nyanya. Waziri alipanda jukwaani na suti yake nyeupe.

"Ndugu wananchi! Jengo hili ni imara kama serikali yenu! Nani anasema serikali yenu inatikisika?"

"Haitikisiki!" wakajibu, wameshikilia viti.

Mimi nikaanza na safu ya mbele. Wa kwanza alikuwa baba Mwatumu, mtu mrefu mwenye kucha za udongo. Nikamimina nusu. Akasema ahsante, akanyoosha mkono achukue. Sikuinua birika. Nikaendelea, chai ikapanda, ikafika ukingoni, ikavimba juu ya ukingo bila kumwagika. Alikitazama kikombe. Akanitazama mimi. Nikamwambia, "Karibu chai, ndugu yangu," nikahamia kwa mama aliyemfuata, nacho nikakijaza, na cha aliyemfuata.

Sikusema neno. Wala wao. Katika nchi yetu hapajawahi kutokea mtu akajaziwa kikombe, lakini hapakuwa na hata mmoja pale aliyehitaji kufafanuliwa. Kimya kilitembea nyuma ya birika langu safu kwa safu. Waziri akawa anahutubia watu walioinamisha vichwa.

Nilipomaliza wazazi nikapanda jukwaani, nikakijaza na cha kwake.

Alikuwa katikati ya neno "uimara". Macho yake yakateremka kwenye kikombe. Neno likamkatikia mdomoni, na Mheshimiwa Lubawa, Waziri wa Utulivu wa Juu na wa Chini, mbele ya taifa, akashika kiti chake akakiburuta nyuma, mbali na meza.

Mlio ule wa kiti nausikia mpaka leo.

Baba Mwatumu akasimama. "Mwanangu ana homa," akasema kwa adabu.

"Na wangu," akasema mama mmoja.

"Wangu ana pumu."

"Wangu buluu inamdhuru." Huyu sijui alizipata wapi habari za Profesa.

Wakaingia bwenini wote, wakatoka na masanduku vichwani, na Sikudhani alikuwa wa mwisho, ameshika kona moja ya sanduku la Mwatumu. Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyesema lile neno. Vikombe vilibaki mezani vimejaa, wala hakikumwagika hata kimoja, na askari hawakuwa na kosa la kuandika.

*

Tangu siku hiyo bweni likabaki tupu, na Waziri akawa ananiita ofisini kwake kila wiki. Hunikaribisha, hunipa chai nusu kikombe, kisha huniuliza swali lile lile: "Kwa nini ulijaza?"

"Ukarimu tu, Mheshimiwa. Kwani kuna ubaya?"

Hapo huchukua kalamu, kisha huirudisha mezani. Ili anishitaki, ingebidi hati ya mashitaka ieleze ubaya wa kikombe kujaa, na hati hiyo ingebidi iwe na sahihi yake.

Mara ya mwisho tulikuwa hapo hapo penye swali, ndipo madirisha yakaanza kulia. Mimi nikashika meza. Safari hii haikuwa ile milio ya siku moja moja. Kabati lilitembea kutoka ukutani kama mtu aliyeitwa. Plasta ilianguka, taa ikapiga dari, na nilipofungua macho kiti cha Waziri kilikuwa kitupu. Alikuwa uvunguni, njia aliyofundishwa utotoni.

Simu ikalia. Aliivuta kwa waya, akasikiliza huko huko chini. Nilimsikia akiuliza, "Bweni lote?" Kisha kwa sauti nyingine, ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Kulikuwa na mtu ndani?" Akasikiliza.

"Hakuna kilichotokea," akasema uvunguni.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Akatoka akitambaa, suti nyeupe imekuwa ya kijivu, akakaa, akakung'uta vumbi kwenye kikombe chake. Mikono ilikuwa inamtetemeka, na hilo sheria hailitaji. "Nimiminie chai, Tenge," akasema.

Nikaliinua birika la taifa. "Nimimine kiasi gani, Mheshimiwa?"

Akanitazama. Mpaka leo hajanijibu.